Mvua Haiulizwi

Siku za mvua Mama Chanjo hakufungua dirisha mpaka amalize kuvaa. Alivaa gizani: suruali ya marehemu mumewe, sketi ndefu juu yake, buti za mpira, kisha koti la mvua la njano alilolichagua kwenye mitumba ya gulioni. Lilikuwa koti la mwanaume mrefu, lenye maandishi mgongoni ya lugha ambayo hakuna mtu zahanati nzima aliyeijua. Akishafunga kifungo cha mwisho ndipo alipofungua mlango. Miezi michache baada ya kuanza kazi naye nilimuuliza kwa nini asichungulie nje kwanza, ajue siku imeamkaje.

"Mvua haiulizwi," alisema. "Ukiiuliza, itakujibu."

Nilifanya naye kazi miaka sita katika zahanati moja upande wa Ngulyati, yeye nesi wa chanjo, mimi mhudumu wa afya. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Kwa akina mama wa vijijini, kwa watoto waliomkimbia wakipiga kelele, hata kwa wakubwa wa wilaya walipokuja kukagua, alikuwa Mama Chanjo. Bariadi wakati ule ulikuwa mji wa wilaya tu, sisi tukihesabiwa mkoa wa Shinyanga. Ilikuwa miaka ya soko huria. Mitumba ilikuwa imejaa magulioni, sabuni zilikuwa za rangi zote, wanunuzi wa pamba walikuwa wapya kila msimu, na serikalini watu walikuwa wanapunguzwa kazi. Gari la chanjo la wilaya lilikuwepo, ila mafuta yake yalikuwa ya kusikia kwa jirani. Kwa hiyo huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata akina mama vitongojini badala ya kuwasubiri zahanati, tuliifanya kwa baiskeli. Siku mbili kila wiki, mvua au jua, kasha la chanjo likiwa limefungwa kwenye kerieri yake na mizani ya watoto ikiwa kwenye kerieri yangu.

Anayeijua ardhi ya kwetu anajua maana ya maneno hayo. Upande wa barabara ni kichanga chekundu. Mvua ikinyesha, baada ya saa moja unapita kama hakijatokea kitu. Lakini ukivuka mto unaingia mbugani, kwenye udongo mweusi. Kiangazi udongo ule unapasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama. Masika unashika kila kinachougusa. Gurudumu linazunguka mara tatu, mara ya nne limejaa tope mpaka haliendi mbele wala nyuma, na wewe unaibeba baiskeli iliyotengenezwa ikubebe. Ndiyo maana Mama Chanjo aliyafungua madigadi ya baiskeli yake mvua za Novemba zilipoanza na hakuyarudisha mpaka pamba iive. Alitembea na kijiti cha mgunga mfukoni cha kuchokolea tope kwenye uma. Ukimwona kwa nyuma alikuwa na mstari mweusi kuanzia kiunoni mpaka kwenye kofia, kama punda milia wa mstari mmoja.

Watu walidhani anapenda. Nimesikia wanaume wazima wakimsifu vilabuni, kwamba yule mama ana damu ya safari, kwamba mvua kwake ni kama maji ya kuoga. Mimi niliyekuwa nyuma ya gurudumu lake nilijua kwamba aliichukia mvua kwa moyo wote. Njia nzima aligombana nayo kwa Kisukuma, maneno mengine siwezi kuyaandika hapa. Aliuchukia upepo zaidi. Alisema mvua angalau inaanguka kwa kila mtu, lakini upepo unakutafuta wewe.

Siku moja tulikuwa tumekaa juu ya kalavati tukichokoa magurudumu, maji yanatiririka mgongoni, nikamwambia labda yeye Mungu alimwumba na moyo tofauti na wetu.

"Moyo gani?" aliuliza bila kuinua macho. "Mimi napenda kulala. Mvua ikipiga bati asubuhi, hakuna kitu ninachokitaka duniani kama blanketi langu."

"Sasa unaamkaje?"

"Naamka hivyo hivyo, sitaki. Wewe unadhani lazima mtu ajisikie ndiyo aende? Ningekuwa nasubiri kujisikia, watoto wa huku wangechanjwa wakiwa na ndevu."

Alikuwa na ujanja wake, na ujanja wote ulikuwa wa kujidanganya yeye mwenyewe. Baiskeli aliitoa nje kabla ya kunywa chai, akaiegemeza ukutani inyeshewe. Alisema ikishalowa ile, yeye ataona haya kubaki mkavu. Jioni ya siku iliyotangulia alituma salamu kwa mtu yeyote anayeelekea kitongoji tunachokwenda, muuza samaki, mwalimu, mchunga ng'ombe, kwamba kesho anakuja. Hakutuma kwa ajili ya akina mama tu. "Nikishaahidi," aliniambia, "miguu haina tena la kusema." Na kila safari ya mvua alituwekea sharti moja: twende mpaka kwenye lile kalavati tu, tukifika pale tukiona hali ni mbaya, tugeuze. Mwaka wa kwanza nililiamini sharti lile. Nilikanyaga pedeli nikiomba mvua izidi ili tukifika kalavati tugeuze. Tukafika, tumelowa mpaka mifupa, naye akasema, "Sasa ya kugeuza ni ya nini? Tumeshalowa," akaendelea. Nilifanya naye safari za mvua zisizo na idadi na hatukuwahi kugeuza pale hata siku moja.

Mfukoni alibeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na alikuwa mgumu nayo kama mwenye duka. Hatukula mpaka tuone paa la ghala la kitongoji tunachokwenda. Paa likionekana, alinipa kipande kimoja, naye akachukua kimoja. Nimekula vyakula vingi vizuri tangu wakati huo, vya harusini na vya mahotelini mjini, lakini utamu wa kile kipande kigumu, mvua ikinichuruzika puani, sijaupata tena.

Usimfikirie kuwa alikuwa shujaa wa kupenda taabu. Akipewa lifti alipanda. Wanunuzi wa pamba walipoanza kupita na pikapu zao, alisimama katikati ya njia na kuinua mkono kama trafiki, akapakia baiskeli nyuma juu ya magunia, akakaa mbele na kasha mapajani na kumwuliza dereva habari za mke wake. Mimi niliyedhani atakataa kwa heshima nilishangaa. "Wewe unadhani baiskeli ni ibada?" aliniuliza. Shida ni kwamba pikapu zile zilikuja na pamba, Juni na Julai, njia ikiwa kavu. Mvua za kwanza zilipoanguka hukuona hata moja. Mama Chanjo alisema soko huria nalo ni la kiangazi.

Na ibada yenyewe alikuwa nayo kwa namna yake. Alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa, rozari shingoni, lakini Jumapili ya mvua hakuenda kanisani, na kanisa lilikuwa karibu kuliko kalavati. Padri alipomhoji mbele yetu, alijibu kwa adabu kabisa: "Baba, Mungu ananiona njiani siku za kazi. Jumapili ya mvua tumekubaliana tupumzike wote wawili." Padri alicheka mpaka akakohoa, na hakumwuliza tena.

Kitu kimoja kilimshinda, nacho ni radi. Huku kwetu radi inaua watu na ng'ombe kila mwaka, na kila mtu ana maelezo yake kuhusu nani kaituma. Mama Chanjo hakutaka maelezo. Anga likinguruma tu, hata kwa mbali, yule mwanamke aliyepita kwenye mito inayojaa alishuka kwenye baiskeli, akalifungua kasha kutoka kwenye kerieri, akaitupa baiskeli mbali kama kitu kilichomwuma, na kuchutama kwenye kibonde amekumbatia kasha, koti la njano limemfunika kichwa. Alinilazimisha nami nichutame mbali naye.

"Kwa nini mbali?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Ikinipiga mimi, nani atapeleka chanjo? Kaa kule."

Nilikaa kule. Tulikuwa tunapiga kelele ili kusikilizana. Siku moja tulikaa hivyo muda mrefu sana, naye akaanza kuniuliza habari za mke wangu, kama amepona tumbo, kama mtoto ameanza kutambaa, na mimi namjibu kwa kelele kutoka kibonde cha pili, radi inapasua juu yetu. Baadaye niligundua kwamba alikuwa anatetemeka na alitaka tu kusikia sauti ya mtu.

Kwa akina mama alikuwa mkali. Aliyekuja bila kadi ya kliniki alikaripiwa. Aliyechelewa alikaripiwa zaidi, kwamba watu wametoka mbali kwenye tope na wewe unatoka hapo nyuma ya mihogo. Kisha akishamaliza kukaripia na kufunga kasha, alibaki amekaa palepale mpaka jua linashuka, akisema anapumzisha magoti. Kila mara alitokea mama mmoja au wawili wa mwisho, wanakuja mbio, mtoto mgongoni. "Mwadila, mayu," wanamwamkia kwa unyonge, naye anafungua kasha tena bila neno. Magoti yale hayakuwahi kumwuma mpaka alipozeeka.

Palikuwa na maneno kwamba ana dawa. Watu waliona analowa kila wiki na hapati hata mafua, wakasema si bure, kuna mtu amemchanja chale. Nilitegemea atakasirika. Aliniambia niwaache, wakiamini ana dawa watamfuata wakaitafute. Na kweli mganga wa kienyeji wa kitongoji kimojawapo, mzee wa kuheshimiwa sana, alikuja siku moja akakaa nasi mpaka watu waishe, kisha akamwuliza taratibu, "Mayu, na mimi ni mtu wa kazi hizi. Dawa yako ni ya upande gani?"

"Ni hii ya kwenye sindano, baba. Mlete mjukuu wako nikuonyeshe inavyofanya kazi."

Wiki mbili baadaye alimleta mjukuu, na majirani wote wa mganga wakaleta wa kwao. Mama Chanjo alimpa mzee yule kiti chake mwenyewe.

Kitongoji hicho cha mganga ndicho ninachotaka kukieleza, maana ndicho kilichoharibu urafiki wetu, au ndivyo nilivyodhani miaka mingi. Kilikuwa ng'ambo ya mto, mbugani katikati. Akina mama walikusanyika kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, ghala zuri la bati, ambalo lilikuwa tupu tangu wanunuzi binafsi waanze kununua pamba barabarani. Mizani yetu ya watoto tuliitundika kwenye kulabu ileile iliyokuwa ya mizani ya pamba.

Masika ya mwisho niliyofanya kazi pale, Mama Chanjo alipatwa na malaria. Nilimkuta asubuhi kitandani, uso umevimba, blanketi mbili juu, mvua inapiga bati. Alikuwa ametuma salamu jana yake kama kawaida.

"Nenda wewe," aliniambia. "Nesi mwenzangu wa zahanati ya jirani atakukuta kule kwa ajili ya sindano, nimemwomba. Wewe peleka kasha tu. Leo ni ya surua, wengi wamefikisha miezi tisa."

Nilifunga kasha, nikaondoka. Nataka nieleze sawasawa, bila kujipunguzia. Hapakuwa na radi siku ile. Mvua ilikuwa ya kawaida. Lakini wiki hiyo mnunuzi mmoja wa pamba alikuwa ameniambia ananihitaji kama karani wake, na moyoni nilikuwa nimeshaacha kazi ya zahanati. Nilipita kalavati. Nilifika mtoni, maji yalikuwa ya magoti, ng'ambo niliona tope jeusi linang'aa. Nikasimama na baiskeli. Hakuna aliyekuwa ananiona. Hapakuwa na mtu mbele yangu wa kuniambia tumeshalowa. Nikageuza.

Nilirudi mpaka kwenye kituo cha biashara barabarani, nikaingia mgahawani, nikaagiza chai na chapati, nikakaa pale mpaka nguo zikaanza kukauka. Saa tisa nilirudi zahanati. Chanjo nilizirudisha kwenye friji la mafuta ya taa zikiwa bado na baridi. Kwenye kitabu cha taarifa niliandika kwamba akina mama hawakufika kwa sababu ya mvua, na kwamba yule nesi wa jirani naye hakufika. Kuhusu nesi, nilibahatisha. Kumbe na yeye alikuwa amezuiwa na mto upande wa kwao.

Nilipopita kumwona Mama Chanjo alikuwa amekaa mlangoni amejifunika. Aliniangalia, akaiangalia baiskeli yangu. "Hawakuja?" aliuliza.

"Hawakuja, mama."

"Sawa. Pumzika."

Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Ningependelea anikaripie kama wale akina mama. Siku zilizobaki nilijificha. Nilikuja kazini kwa mlango wa nyuma, niliinamisha macho nikipita karibu na nyumba yake, na mwisho wa mwezi nilipeleka barua ya kuacha kazi kwa mganga wa zahanati wakati nikijua Mama Chanjo yuko kliniki. Sikumuaga.

Kiangazi kile surua ilipita. Mimi nilikuwa karani, nimekaa kivulini kwenye kituo cha kununulia pamba, kalamu sikioni. Wakulima walioleta magunia walileta na habari: kitongoji fulani wamezika watoto wawili, kingine watatu. Kila mara mtu alipoanza kutaja kitongoji, nilinyanyuka nikaenda kukagua kamba za magunia. Sikutaka kulisikia lile jina moja. Na kwa kuwa sikutaka kulisikia, sikulisikia, na kwa kuwa sikulisikia, nililijaza mwenyewe. Nilizika watoto wa kitongoji kile kichwani mwangu, mmoja mmoja, wenye sura.

Maisha hayakusimama hapo. Mnunuzi wangu alifunga virago baada ya misimu michache, kama wenzake. Nilifungua genge, nikajifunza biashara, hatimaye nikapata duka la dawa baridi mjini. Bariadi ikawa makao ya mkoa, ofisi zikajengwa, bodaboda zikajaa barabarani. Wanangu walikua. Mvua ikinyesha asubuhi mke wangu hufurahi, anasema mpunga utakuwa mzuri, mimi hunyamaza. Hakuwahi kujua kwa nini. Njia ya kwenda ng'ambo ya ule mto sikuikanyaga tena. Mtu akinialika msibani au harusini upande ule, nilikuwa na udhuru.

Mwaka jana nilipata tatizo la macho, nikaenda hospitali kupimwa. Tulikuwa wengi kwenye mabenchi, wazee watupu. Nikasikia sauti upande wa pili inamwambia nesi kijana, bila hasira, kwamba kadi hizi ungezipanga kwa namba, mwanangu, usingetuita mara mbili mbili. Nilijua kabla sijageuka. Alikuwa amekonda, kitambaa cheupe kichwani, fimbo katikati ya magoti. Jicho moja lilikuwa na ukungu mweupe, la pili nalo linaelekea huko. Mjukuu wake wa kike, binti mwalimu, alikuwa amemleta kutoka Shishiyu, alikokwenda kukaa kwa dada yake alipostaafu.

Nilihama benchi nikakaa karibu naye. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aligeuza kichwa kama kuku, akitumia jicho lililobaki. "Sema tena."

"Shikamoo, Mama Chanjo."

"Wewe ulikuwa unabeba mizani yangu," alisema. "Umenenepa. Sauti imenenepa."

Tuliulizana habari. Mtoto aliyekuwa anatambaa sasa ni askari magereza. Mumewe yule, marehemu, suruali yake bado ipo. Tukacheka. Kisha mazungumzo yakaisha, tukabaki tunasikiliza majina yakiitwa, na nikajua kwamba wakimwita yeye kabla sijasema, sitasema tena maisha yangu yote.

"Mama," nilianza. "Siku ile ulipokuwa na malaria. Ukanituma ng'ambo na chanjo za surua."

"Hukufika," alisema.

Niligeuka nikamtazama usoni.

"Tairi zako zilikuwa na kichanga chekundu. Mtu anatoka mbugani masika na tairi nyekundu? Niliona kabla hujashuka."

"Ulijua? Na hukusema kitu?"

"Nilikuwa na homa, baba. Kugombana kunataka nguvu, na nguvu niliyokuwa nayo niliiwekea safari."

"Safari gani?"

Aligeuka akanitazama, safari hii kwa mshangao wa kweli. "Ya kwenda kule. Nilikaa siku mbili homa ikashuka, ya tatu nikaenda alfajiri, wenzako mkidhani bado naumwa. Akina mama walikuwa wamenikasirikia, wamesubiri siku nzima ghalani. Yule mzee mganga ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwakusanya tena. Nilichanja wote waliokuwa wamefikisha miezi. Nililala hukohuko, mke wa mganga akanipikia uji."

Nilisikia anachosema, neno moja moja, lakini nilihitaji neno lingine. Niliuliza polepole. "Na surua ilipopita? Kiangazi kile?"

"Ilipita huko nako. Waliugua wachache, waliohamia na ng'ombe kutoka mbali, nao walipona. Kitongoji kile hatukuzika mtoto." Aliigonga fimbo sakafuni. "Kwingine tulizika. Kule hapana."

Mjukuu wake alikuwa ametukazia macho, bila kuelewa. Nilijipangusa uso kwa kiganja. "Kwa nini hukuniambia, mama? Nilikuwepo pale mwezi mzima."

"Nilikuambia. Baiskeli niliiegemeza ukutani kwangu na tope lake jeusi juma zima, sikuiosha, mimi ninayeosha baiskeli kila jioni. Nilitaka upite uione. Nikasema akiiona atakuja mwenyewe, tutagombana, yataisha." Alitikisa kichwa. "Ulipita kila siku umeinama. Nikadhani umeiona na hujali. Niliumia kidogo, sikufichi."

"Sikuiona."

"Basi." Aliupapasa mkono wangu mpaka akaupata, akaushika. "Na hilo ndilo ulilotembea nalo miaka yote hii? Mpaka umenenepa nalo?"

"Ndilo."

"Pole sana, baba," alisema, na alisema kama mtu anayempa pole mwenye jeraha, hapakuwa na kejeli ndani yake. "Na mimi nisamehe. Ningekuita."

Jina lake liliitwa. Tulimnyanyua, mjukuu upande mmoja na mimi upande mwingine, tukampeleka mpaka mlangoni kwa daktari. Baadaye walituambia ni mtoto wa jicho, hutolewa, na Mama Chanjo atapangiwa siku. Alilalamika kwamba siku yenyewe wasije wakaiweka Jumapili.

Sikusubiri zamu yangu. Nilitoka nje, nikasimama penye ukuta karibu na bodaboda zilizopanga mstari, nikampigia mke wangu. Alipopokea nikataka kumweleza tangu mwanzo, mto, chapati, ghala, kila kitu, lakini nilichoweza ni kupumua tu kwenye simu. Akaniuliza macho yamekuwaje. Akaniuliza tena, sauti imebadilika, kama kuna msiba, nani amekufa.

"Hakuna," nilimwambia. "Hakuna aliyekufa."